Riwaya kwa Mtu Asiyeona

Saluni, mlango wa pili baada ya duka la dawa,
Nyumba ile ile ulimozaliwa.

Jumatatu, siku tusiyofungua.

Mpendwa mdogo wangu,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua haiwezi kuanza bila neno hilo, usije ukavimba kichwa. Habari za huko? Wifi yangu hajambo? Watoto je, na yule mdogo meno yameshaota? Kifua chako bado kinakusumbua baridi ikianza? Kama kinakusumbua, pole. Nakuuliza kwa sababu nimelelewa vizuri, na aliyenilea mimi ndiye huyo huyo aliyekulea wewe, ingawa kwako sijui malezi yalipotelea wapi.

Sisi huku hatujambo, ingawa hukuuliza. Miguu yangu inavimba jioni kwa kusimama kutwa, lakini hiyo ni kazi, nimeizoea. Mama hajambo. Habari zake ndizo zilizonikalisha hapa siku yangu ya kupumzika, kalamu mkononi, wakati ningekuwa nimelala.

Najua umeshangaa kupata barua. Umezoea simu, na mimi simu imenishinda. Kwenye simu nikianza kukasirika nalia, na nikilia unadhani nimekwisha kukusamehe, unaanza kunieleza habari za hali ya hewa ya huko. Kwenye karatasi silii. Kwa hiyo kaa kitako usome, na usinirukie mistari.

Tuanze na kitabu. Hivi, ulipokuwa dukani umekishika, akili ulikuwa umeiacha wapi? Nilishakwambia kwa mdomo wangu huu kwamba macho ya Mama yamefunga ukungu. Nilikwambia anamimina chai nje ya kikombe. Nilikwambia kuna siku alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za nyumbani, akakasirika halikumjibu. Ukasema, "Oo, pole yake." Kisha ukaenda ukamnunulia riwaya. Riwaya! Nene, ya mapenzi ya enzi za wafalme, herufi ndogo hata mimi mwenye macho mazima nazitafuta. Na kadi juu yake: "Mama, jisomee ujiburudishe." Nilicheka kwa sauti mpaka mteja aliyekuwa kwenye beseni akaniuliza kama kuna msiba.

Mama mwenyewe hakucheka. Alikipapasa kile kitabu jalada lote, akakinusa, akasema, "Kitu cha Baba yangu hiki." Wewe bado ni Baba yake, kwa kuwa umerithi jina la babu. Mimi nimerithi beseni, viti na vichwa vya watu. Nikamwambia, "Mama, hicho ni kitabu." Akanijibu kwamba anajua ni kitabu, hajawa mjinga, haoni tu.

Nilikichukua nikakitia chini ya mguu wa kiti kile kinachoyumba, kikatosha sawasawa. Ndiyo kazi niliyoona kinaifaa. Kilikaa pale mpaka Mama alipokiulizia, nikakosa pa kujificha, nikakifuta mavumbi nikamrudishia.

Labda umesahau jambo lenyewe, au unajifanya hamnazo, basi nikukumbushe. Daktari wa macho alishasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto limeiva. Upasuaji wenyewe ni mfupi, mtu anaingia asubuhi, mchana yuko kwake. Lakini akasema pia lisiachwe likapitiliza, maana presha itapanda ndani ya jicho, na hapo hakuna atakayeweza kurudisha kitu. Alituambia wote wawili tumekaa mbele yake. Mama akaitikia vizuri, akashukuru, tulipofika nje akasema haendi popote mpaka wewe uje.

Anataka bandeji ikifunguliwa, uso wa kwanza atakaouona uwe wako. Hayo aliniambia mimi, nimemshika mkono namvusha barabara. Nikamwambia, "Mama, mimi si nipo? Nitakupeleka mimi." Akasema, "Wewe upo, mwanangu. Wewe upo siku zote." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana liliniuma hivyo. Alivyolisema ni kama vile kabati lipo. Siku ile nilikuchukia, ndugu yangu wa tumbo moja, na nataka ulijue hilo.

Na wewe hukumwambia huji. Ungemwambia huji tungejua moja. Ulisema utakuja ukipata likizo. Likizo ikapita, ukasema wifi anakaribia kujifungua. Akajifungua salama, ukasema mnahama nyumba. Mkahama, ukasema umepata bosi mpya, mkali, hana utani. Kila mara unamalizia na neno lako lile, "Bado kidogo, Mama." Na Mama anaweka simu chini anatuambia saluni nzima, "Amesema bado kidogo." Utadhani ametangaziwa ushindi.

Basi alipokitaka kitabu kisomwe, mimi mikono yangu iko kwenye vichwa vya watu tangu asubuhi. Nikapanga hivi: anayesukwa ndiye anayesoma. Kukaa atakaa tu, mikono yake haina kazi, mwache amsomee Mama. Wa kwanza kupewa alikuwa karani wa mahakama, yule mrefu anayekuja kila baada ya wiki chache, nadhani unamkumbuka. Anasoma vizuri, hakwami popote, ila kila kitu anakisoma kwa sauti ya kumsomea mtu mashtaka.

Mungu wangu, kitabu kile! Kinaanza na farasi wa mfalme. Si farasi mmoja, zizi zima, rangi zao, kwato zao, mama zao na bibi zao. Wakiisha farasi unakuja ukuta wa mji, nani aliujenga, mawe yalitoka wapi, fundi gani alianguka. Ukiisha ukuta yanakuja mapazia ya chumba cha malkia. Karani alianza mapazia nikimchambua nywele, nikafika nusu ya kichwa, mapazia hayajaisha. Aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia alilala akakoroma. Mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, mwanamke mpole asiyemkwaza mtu, aliniomba kwa adabu tuwashe redio.

Jalada limetuahidi mapenzi. Kuna mwanamke nywele zinapepea, ambazo naona wazi hazijaguswa na chanuo, na kuna mwanamume kavaa upanga. Lakini tulifika kurasa mia na ushee, hao wawili hawajatiana machoni. Nilikuwa nakuwaza kila ukurasa unaofunuliwa. Nilijua kabisa hukukisoma. Mtu aliyekisoma asingemtumia mwenzake bila kumwomba radhi.

Mama peke yake alikuwa anasikiliza. Anakaa pembeni ya beseni, anakunja taulo kwa kupapasa, na karani akinyamaza kumeza mate anamwambia, "Endelea, mwanangu." Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anakutafuta wewe mle ndani. Anadhani umekichagua kwa sababu, kuna neno umemfichia kati ya farasi na mapazia. Mimi nakujua, ulikichagua kwa sababu kilikuwa karibu na mahali pa kulipia. Sikumwambia. Nilikaza mkono tu, na karani akasema "Aii!" katikati ya ukoo wa mfalme.

Siku moja nilimkonyeza karani aruke. Akaruka mahari ya dada wa mfalme, ngamia wote na masanduku yote. Mama akasema, "Mmeruka." Tukamuuliza amejuaje. Akasema sauti ya karani imechangamka ghafla. Tukarudi kwenye ngamia, tukawapitia mmoja mmoja.

Sasa nakwambia jambo linalonichoma kulisema. Kitabu kikawa kizuri.

Kilianza hivi. Mjumbe wa mfalme anapita na habari za vita, farasi wake anang'okwa na kiatu njiani, anaingia kwa mhunzi. Mhunzi ni mgonjwa, haamki kitandani, kwa hiyo anayetoka na nyundo ni binti yake. Mjumbe anamuuliza nani alimfundisha kazi ya wanaume. Binti anamwambia ashike mguu wa farasi anyamaze, maana mguu haushikwi kwa mdomo. Basi! Saluni nzima iliamka. Yule wa chini ya mashine alichomoa kichwa na maji yanamtiririka shingoni, akataka pasomwe tena.

Tangu hapo hatukulala. Waliokuja kupunguza ncha wakaanza kutaka kusukwa, na waliotaka kusukwa wakataka misuko ile myembamba ya kutwa nzima. Mwoka mikate aliyeomba redio akawa ndiye wa kwanza kufika, akagombania kitabu, na tatizo lake ni kwamba macho yake yanatangulia mbele kuliko mdomo. Analia kabla hatujajua kuna nini. Mjumbe anamletea binti maji ya kunywa, huku mwoka mikate kashavuta kamasi kwa sababu kaona ukurasa unaofuata.

Na mimi, niliyekidharau, nilimharibu karani wa watu. Nilianza kumsuka upande wa kushoto katika sura ya ushuru wa mfalme, polepole, misuko midogo, imetulia. Tulipofika upande wa kulia mjumbe na binti wamenyeshewa wamejibanza kwenye kibanda kimoja, sikujua tena vidole vyangu vinafanya nini. Akainuka pale kushoto misuko myembamba, kulia minene kama kamba za kufungia mizigo, na hakuna aliyeona kwa sababu wote tulikuwa kibandani. Akaenda hivyo hivyo mahakamani. Hakimu alimkodolea macho asubuhi nzima. Aliporudi nikajua leo ananijia juu. Kumbe anataka nimfumue nianze upya, apate zamu ya kusoma.

Wanapendana, hao wawili. Sitakusimulia yote, ungeweza kukisoma kabla hujakitia kwenye bahasha. Lakini kuna sehemu lazima uisikie. Mjumbe anatumwa mbali. Anamshika binti mikono, anamwambia asiondoke pale, atarudi kabla ya mavuno. Mavuno yanapita. Anakuja msafiri na salamu kutoka kwake, bado kidogo. Mvua zinakuja, zinakwisha. Salamu nyingine, bado kidogo. Adui wanaukaribia mji, na hapo nikaelewa kwa nini tuliteswa na ule ukuta. Majirani wanafunga mizigo wanakimbia. Binti anabaki na baba yake mgonjwa, moto wa uhunzi unawaka, kwa sababu ameambiwa asubiri hapo.

Nilisimamisha mikono kichwani mwa mteja. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameacha taulo, anatikisa kichwa kukubaliana. "Asiondoke," akasema. "Si ameambiwa anakuja?"

Wateja wakatazamana. Wote wanakujua kwa sifa zako. Nilitoka nje nikasimama mbele ya duka la dawa, nikakutukana kwa sauti, peke yangu, matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayopita mikononi mwa watu. Muuza dawa alitoka kuniuliza kama nataka kitu cha presha. Nilikuwa naona umemtumia mama yako kitabu cha kumfundisha kupofuka vizuri.

Nikamwomba karani tuseme kimepotea. Akanikazia macho, akasema kuficha ushahidi ni kosa, na isitoshe yeye mwenyewe hajui kilichompata yule binti. Kwa hiyo nikashindwa ndani ya saluni yangu mwenyewe.

Wiki ile ile Mama alijimwagia maji ya moto mkononi. Akaficha. Nilijua kwa kuona anakunja taulo kwa mkono mmoja. Nilipomshika nione, nikaona na jicho la kushoto ni jekundu, akakubali kwa taabu kwamba linamuuma, na kwamba halikuanza leo. Nilikupigia simu pale pale. Unakumbuka ulinijibu nini? Ulikuwa kwenye kikao. Ukanong'ona, "Dada, bado kidogo, nakupigia." Hukupiga. Nilimwosha Mama mkono nikampaka dawa, na aliponiuliza ulikuwa unasemaje nilimwambia hukupatikana. Nilikulinda, sijui kwa nini. Sirudii tena.

Ilikuwa Jumamosi saluni imejaa. Msomaji ni mwoka mikate, kainamisha kichwa kwa sababu nilikuwa namsuka kisogoni, kitabu kiko mapajani, kila mtu anamwambia apaze sauti. Adui wamefika chini ya ukuta. Vumbi linaonekana. Anakuja mpanda farasi kutoka upande ule mwingine, binti anatoka mbio, anaanguka, anainuka, anamfikia. Si yeye. Ni mgeni, na ameleta salamu, na salamu zenyewe ni zile zile, bado kidogo.

Binti anasimama. Halafu anaanza kucheka. Anacheka mpaka anakaa chini. Kisha anaingia ndani anauzima moto, ule moto usiozimwa tangu wakati wa babu yake. Anapakia kwenye mkokoteni fuawe, lile pande la chuma ambalo wahunzi hupigia juu yake, analivuta peke yake kwa kamba na kwa meno. Anampandisha baba yake. Jirani wa mwisho aliyebaki mtaani anamuuliza, na huyo bwana akija je? Naye anafunga kamba ya mwisho, anasema, "Akinitaka, atauliza njia."

Mwoka mikate alisoma hapo akaweka kidole kwenye mstari. Cha ajabu hakuwa analia. Kisha zogo likalipuka. Nusu ya saluni wanasema amekosea, mwanamume anatoka vitani anakuta mlango umefungwa, ndiyo mapenzi gani hayo. Nusu wanasema amechelewa, angekwenda tangu mavuno. Karani, ambaye siku hiyo hata hakuwa na zamu, alikuwa amesimama juu ya miguu yake miwili anatetea hoja.

Mama akainua mkono, wakatulia. Akasema, "Soma tena hapo." Mwoka mikate akasoma tena, tangu kicheko mpaka kamba ya mwisho. Mama akashika tama. Watu wakaona haya, wakageukia simu zao. Mwisho akasema, "Msichana mdogo vile, amenizidi akili." Akachukua taulo akaendelea kukunja, na siku ile hakutaka kisomwe tena.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amevaa, amejifunga kitambaa chake kizuri, kakaa kitandani mkoba mapajani. Nikamuuliza safari ya wapi. Akasema, "Hospitali. Si leo hufungui?" Nikamuuliza, na Baba yako je? Akasema, "Yeye ana kazi." Hivyo tu. Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika, ungekuwa na la kutumainia.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi nje, nimeshika viatu vyake. Daktari alipotoka alinisema kama mtoto mdogo. Alisema jicho lilikuwa limekwisha kuanza kupanda presha, na kwamba tungengoja zaidi tungelikosa lote. Nilikubali makosa yako yote, moja moja, nikaomba msamaha kwa niaba yako. La kulia litafanywa mwezi ujao.

Kesho yake tukarudi bandeji ifunguliwe. Nesi alinivuta nikae mbele ya Mama, magoti yetu yanagusana. Nilikuwa nimejiandaa kumwona anatafuta mlango, anatafuta kama kuna mtu mwingine nyuma yangu. Nilishasema moyoni sitaumia. Bandeji ikatoka. Akapepesa jicho, likatoa machozi, nesi akamfuta. Akanitazama. Hakutafuta mlango. Akanishika kidevu akanigeuza kichwa huku na huku, kama anavyokagua kazi, akasema, "Nani amekusuka vibaya hivi?"

Nikasema nimejisuka mwenyewe, Mama, nani mwingine atanisuka. Akasema, "Na mvi hizi? Tangu lini?" Nililia pale mbele ya nesi mpaka nikapewa ile pamba yake. Mama akawa ananipangusa, ananiambia nikae vizuri, nyumbani atanifumua. Nilimkatalia kwa sababu daktari kamkataza kuinama. Juzi ndipo amenifumua, akanisuka mwenyewe, jicho moja, na hakuna msuko hata mmoja uliopinda.

Usianze kujipongeza. Nakuona kabisa huko uliko unamwambia wifi, "Kitabu changu ndicho kilichomponya." Umebahatisha. Ulichotuma ni kisingizio, na kilichomo ndani hukukijua. Sikushukuru na sitakushukuru.

Kitabu chenyewe zilikuwa zimebaki sura chache, na hapo ndipo Mama ametuweza. Amekataza zisisomwe kwa sauti. Anasema kitabu ametumiwa yeye, na kadi imeandikwa ajisomee, basi anajisomea. Anakaa dirishani na miwani mpya, kidole kwenye mstari, midomo inachezacheza, polepole, hana haraka na mtu. Wateja wananipigia magoti niwaambie kama mjumbe aliuliza njia. Sijui. Karani kajaribu kumhoji kwa mbinu zake zote za mahakamani, kaambulia kuulizwa mbona nywele zake zinakatika. Hasemi neno, anacheka peke yake tu pale dirishani, na mara moja nilimwona anafuta jicho lile zima.

Mjomba anakusalimu, anasema sura yako anaikumbuka ila inaanza kumponyoka. Mama mdogo anakusalimu pia. Yeye bado anakutetea, lakini siku hizi anakutetea kwa sauti ya chini. Mwoka mikate anakusalimu. Karani naye anakusalimu, anasema ukifika apewe nafasi ya kukusomea mashtaka. Nisalimie wifi, mwambie yeye sina neno naye. Wabusu watoto, waambie shangazi yao yupo na anawapenda.

Nilitaka kufunga hapa. Lakini kuna hili la jana, na bila hilo nisingekaa kuandika.

Jana ulipiga simu. Uliuliza Mama yuko wapi, nikasema nakupa. Ukasikia kimya, ukakata, na baadaye ukaniletea ujumbe kwamba simu yetu ni mbovu nikaitengeneze. Simu ni nzima. Mama alikuwa dirishani, yuko kurasa za mwisho kabisa. Nikamnyooshea simu, nikamwambia, "Mama, Baba yako huyu." Wewe unamjua Mama na simu yako. Huyu ndiye aliyekuwa ikilia anaangusha kila kilicho mkononi, anajigonga kwenye viti vya wateja kuikimbilia. Jana hakuinua uso. Aliinua kidole, akasema, "Mwambie angoje kidogo, namalizia ukurasa."

Nilisimama nimeshika simu, sikuweza kukwambia. Ulikuwa ukurasa mmoja. Alipoumaliza alinyoosha mkono akaipokea, akaiweka sikioni, na wewe ulikuwa umeshakata. Akasikiliza kile kimya chako kidogo, akanirudishia simu. Nikadhani atalia, nikasogea nimshike. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa mwingine.

Kwa hiyo usituambie tena kwamba unakuja. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuzidishie afya, na haya usoni pia akuongezee. Siku utakayokuja, piga hodi tu, mlango unaujua. Kama Mama atakuwa anasoma, kuna viti, utakaa na wateja umngoje.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo ambapo sitaki.